Kumbukumbu ya Siku Kumi na Nne

Nilikwenda mwenyewe, sikuitwa,
Jumatatu ya baridi, kitenge juu ya sweta,
ofisi ya polisi kata, Uyole,
mlango wa bluu, benchi lenye mguu mmoja wa tofali.
Mwanangu Lusekelo alishaifunga kamera chini ya paa,
akarudi Tunduma kwenye malori yake,
akaniachia neno: "Mama, kaiandikishe.
Wakihitaji ushahidi wajue pa kubisha hodi."

Afande Tusajigwe akatoa fomu.
Jina: Anyisile Mwakalukwa, mkunga mstaafu.
Idadi ya kamera: moja.
Inaelekea wapi: barabarani,
na kipande cha migomba ya Sekela,
sikuweza kukikwepa.
Kumbukumbu hudumu siku ngapi?
Sikujua. Nikampigia mwanangu.
"Kumi na nne, Mama. Halafu inajifuta,
inaandika juu yake yenyewe."
Heri yake, nikasema,
na afande akacheka, akagonga muhuri.
Namba yangu thelathini na saba.
Wiki tatu nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Kisha pampu ya Mwaijande ikang'olewa bondeni,
ile ya kumwagilia kabichi, ya mkopo,
marejesho bado kumi na moja.
Saa nane kasoro usiku. Umeme upo. Mbwa kimya.
Afande akaja na flashi shingoni kama rozari.

Tukaketi sebuleni, jiko la mkaa katikati,
tukaitazama barabara yangu ikiwa haina mtu.
Ukungu. Ukungu wa Juni, ule unaoshuka toka mlimani
na kukaa mpaka saa nne asubuhi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ndani yake kitu cheusi kuliko usiku,
mzigo begani, kofia imevutwa,
sura hakuna.
Hatua ndefu. Hatua fupi. Hatua ndefu.
Mguu wa kushoto ukichota udongo kidogo
kabla ya kukanyaga.

"Haonekani," afande akasema. "Ukungu umemsitiri."

Mimi nilikuwa kituoni Igawilo,
mwaka ule mvua zilipolibeba daraja,
taa ya chemli, gari la wagonjwa halipiti,
Sekela ameuma pindo la kanga yangu,
na mtoto akaja ametanguliza miguu.
Nilishika nilichokipata. Nilivuta.
Kitu kikaalika ndani ya nyonga ndogo,
mlio wa kijiti kibichi.
Akalia, akaishi. Wakaniletea kuku
na debe la viazi.
Wakamwita Ambwene, yaani ameniona.
Habari ya nyonga sikuwaambia.
Alipoanza kutembea walisema wenyewe, ni kazi ya Mungu,
nami nikaitikia amina.

Nakala ya fomu ninayo, kwenye kabati la vikombe.
Nimeisoma mbele na nyuma:
anwani, simu, aina ya kamera,
je, unaridhia picha zitumike katika upelelezi,
ndiyo, nimetia sahihi.
Haina mstari wa anayemjua mtu kwa mguu tu.
Haina mstari wa aliyeuvunja.

"Bibi, kuna unachokitambua?"
Kalamu yake juu ya daftari, haijagusa.
Ng'ambo ya migomba Sekela anamkatia ng'ombe majani,
nasikia panga lake, tak, tak, likipumzika, tak.
Kamera imebakiza siku nane isahau.
Mimi nina miaka ishirini na mitatu
na hakuna kilichoandikwa juu yake.

Nikasema: "Rudisha nyuma kidogo, afande.
Pale anapoanza kutembea."