Robo Mzunguko

Chuma, baba alikuwa akisema, kina mdomo.
Ukikionea kitalalamika:
kitalia, kitapinda, kitabanduka rangi,
kitakupa wiki nzima ya kutubu.
Yeye alikaza kwa kifundo cha mkono,
spana yake haikuwa na namba,
na nusu ya Elgoibar ilishuka milima
ikilitegemea sikio lake.

Usukani huu haukuwa wa chuma.
Ulifika Jumatano, mwepesi
hata nikadhani wametuletea sanduku tupu.
Mweusi, umesukwa kama ukili,
nyuzi juu ya nyuzi, gundi katikati.
Hodei aliulipia mishahara miwili ya kiwandani.
"Nifungie, dada. Kesho mashindano."

Kwenye kibano, maandishi ya miguu ya sisimizi:
Nyutoni-mita tano. Basi.
Spana ya kipimo ilikuwa kwa Maixabel, ameiazima.
Nikasema, mkono wa baba si ninao?

Bolti nne. Nikazikaza kwa msalaba,
juu kushoto, chini kulia,
kidogo, tena kidogo.
Zikafika. Nilijua zimefika.
Halafu nikaukumbuka mteremko wa Azkarate,
lami imelowa, mdogo wangu kalalia upepo,
nikaongeza robo mzunguko.
Kwa mapenzi.

Tik.

Hata sauti haikuwa. Ukucha juu ya kikombe.
Nikafuta mikono, nikazima taa, nikala supu.

Saa tisa usiku manyunyu yakipapasa vigae
nikashuka na soksi.
Nikafungua kibano, nikatafuta peseta ya zamani,
nikaanza kugonga kutoka ncha ya kushoto:
ting, ting, ting, mfupa mzima,
ting,
na pale kibano kilipokuwa kimekumbatia,
dup.
Kama kugonga mkate.

Nikamulika. Unywele labda,
au kivuli cha unywele.
Wahenga walituambia tuzibe ufa
tusije tukajenga ukuta;
hawakuuona ufa unaoishi ndani ya unene,
huku uso unang'aa na kukutazama.
Huu hauzibwi. Huu hungoja shimo la kwanza,
mwili mzima juu ya viganja viwili.

Chuma kina mdomo. Hiki kitu kina adabu
ya wale wanaoitika "sijambo"
mpaka siku ya kuanguka.

Nikaleta msumeno. Nikaukata pale pale,
nisiipe asubuhi nafasi ya kunishawishi.
Vumbi jeusi, harufu ya kwato.
Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana
kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Hodei aliamka akakuta usukani wake wa zamani, wa alumini,
wenye mkwaruzo wa mwaka juzi,
umefungwa, umepimwa: nilikwenda kumgongea Maixabel gizani.
Hakunisemesha hadi mstari wa kuanzia.
Alimaliza wa thelathini na saba.
Gramu mia na kumi, alisema, ndizo zilizomla.

Kipande nimekisimika juu ya benchi,
natilia penseli.
Kila akija hukishika, hukigeuza-geuza,
huuliza kilivunjikaje.
"Kilikuja hivyo," namjibu,
na spana mkononi mwangu, ile yenye namba,
ikifika tano hulia
tik,
nami hushtuka kila mara.