Rangi Haikauki Tukuyu

Walifika Machi, mwezi ambao hata mimi
sichukui kazi ya nje.
Niliwaambia: huku mvua haipigi hodi,
ina ufunguo wake.
Wakacheka. Wakafungua masanduku
ndani ya ghala lililowahi kuwa la kahawa,
kuta bado zinanuka magunia, panya,
na madeni ya chama cha msingi.

Mimi ni Subilaga, fundi wa mabango.
Ile SALUNI YA KIUME, kichwa kikitazama pembeni, ni yangu.
CHIPSI KUKU, njia ya kwenda Ushirika, yangu.
USIKOJOE HAPA FAINI ELFU HAMSINI,
yangu pia, na wanakojoa hapo hapo
chini ya herufi zangu zilizonyooka.
Waliniajiri siku ishirini na moja:
kutafuta misumari, kukoroga rangi,
kuwapunguzia bei sokoni kwa Kinyakyusa.

Soyeon wa Korea alitandika karatasi uani
akaiacha inyeshewe usiku kucha.
Asubuhi akaiinua kwa ncha za vidole
kama anayemhamisha mtoto aliyelala,
akaitazama, akaitupa.
Akatandika nyingine.
Siku tisa. Nilihesabu karatasi,
nikahesabu bei ya karatasi,
nikanyamaza.

Babajide wa Ibadan akanunua miamvuli mibovu,
yote aliyokuwa nayo mzee Mwasomola,
akaichuna kama mbuzi, kitambaa huku, mbavu huku,
akaunga mbavu kwa waya hadi akasimama mnyama
asiye na jina, mpana kuliko mlango.
Mzee akaja kuwaona marehemu wake.
"Sasa huyu atatokaje?"
"Hatoki," akasema Babajide. "Ndiyo kazi yenyewe."
Mzee akazunguka mara mbili, akapinda waya mmoja
uliokuwa umekaa vibaya,
akaenda zake bila kudai malipo.

Naye Nayra, wa Bolivia, alichimba udongo kando ya barabara,
akausaga, akauchekecha, akauonja.
Ndiyo, akauonja. Wauza ndizi wakashika vinywa.
Yeye ndiye aliyeniuliza, mkono ukiwa mwekundu hadi kiwikoni:
"Na wewe, usipolipwa, unachora nini?"
Nikamjibu: "Usingizi."
Tulicheka wote. Mimi niliwahi kuacha.

Jumapili niliwatembeza waone mabango yangu.
Bucha ya Mwaipopo nilitaka tuipite haraka.
Lile bango mvua ilinikuta nalo katikati ya neno NYAMA,
ikanishushia michirizi mitatu kutoka kwenye M
mpaka chini kabisa ya bati.
Miaka saba nazunguka kwa nyuma nisilione.
Soyeon, asiyejua kusoma Kiswahili,
akachuchumaa pale pale.
Akaupitisha mkono hewani, mchirizi kwa mchirizi,
bila kugusa.
Akasema neno kwa lugha yake.
Hakuna aliyelitafsiri, na mimi
sikuuliza.

Waliondoka. Mnyama yumo ghalani,
katibu wa chama anatafuta barua ya kumhusu.

Juzi nilikuwa naandika GWAMAKA VIFAA VYA UJENZI,
bluu juu ya nyeupe, kazi ya nusu siku.
Nilipofika GWA, wingu likashuka kutoka Rungwe.
Turubai lilikuwa hatua mbili kutoka nilipo.
Nikasimama.
Herufi A ikaanza kutafuta njia yake,
ikasita kwenye msumari, ikapinda kushoto,
mahali ambapo mimi nisingepinda.

"Fundi!" Gwamaka akapiga kelele barazani,
"hela yangu inatiririka hiyo!"

Nilimwandikia jingine, limenyooka, amelipa.
Lile la kwanza liko nyumbani, nyuma ya kabati,
limegeuzwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.
Usiku mwingine nalivuta, naligusa pale kwenye A.
Wiki ya tatu hii.
Kidole bado kinatoka bluu.