Mashine ya Kupukuchua

Julai, Tosamaganga, baridi ya kukata masikio.
Mama ametega debe,
mimi nashika mpini, nazungusha,
na mashine inatema: ta-ta-ta-ta,
punje zinagonga bati,
gunzi linachomoka upande wa pili
jepesi, limekwisha.

Kaka Atilio yuko likizo.
Amekaa mbali, karibu na banda la nguruwe,
kikombe cha komoni mkononi, hajakigusa.
"Zungusha polepole," anasema.
Nacheka. Nani hupukuchua polepole
na magunia kumi na tisa yanangoja?

"Polepole, Lusi."

Jikoni usiku ndipo alipotuambia.
Kule alikokuwa (hakutaja nchi, Mama hakuuliza)
ilikuwapo bunduki ya mitutu sita
imefungwa mlangoni mwa helikopta.
Sita, kama miwa iliyokazwa kwa kamba moja,
inazunguka, inapokezana:
mmoja ukitema, mitano inapumua, inapoa.
"Kama nyinyi kinuni," akasema,
"wanawake watatu, kinu kimoja,
na mchi haugongi mchi."
Mama akaweka mwiko chini.
Hakupenda kinu chake kitajwe hapo.

Haisemi ta-ta-ta, akasema.
Inararua,
kama muuza duka anavyopasua doti ya kanga katikati.
Risasi elfu tatu kwa dakika.
Nilijaribu kuzipima kwa kipimo ninachokijua:
hindi moja lina punje mia tano, mvua ikijalia.
Mahindi sita, basi. Dakika moja.
Halafu nikamwona Mama naye anahesabu vidoleni
nikaacha.

Mkufunzi wao aliwasomea darasani
habari za mtu wa kwanza kuiunda ya namna hiyo.
Kabla yake alikuwa ameunda mashine ya kupanda mbegu:
punje zinashuka kutoka kwenye kasha
moja moja, kwenye mfereji, mkulima anapita.
Kisha vita vikaingia nchini mwake
naye akabadili punje.
Akaweka na mpini wa kuzungusha,
kama huu wangu.
Eti alitumaini
askari mmoja akifanya kazi ya mia,
mia watabaki majumbani kwao.

Atilio akacheka kidogo, bila meno.
"Mimi ndiye yule mmoja," akasema.
"Wale mia sikuona wakibaki nyumbani."

Sisi wa huku tunamjua ndugu yake,
yule wa Mjerumani, mwenye mtutu mmoja
na kiu: alinyweshwa maji asiungue.
Kalenga si mbali. Naenda mnadani kwa miguu
na kupita palipokuwa na ukuta.
Bibi Semhapa alisimuliwa na bibi yake
kwamba sauti ile hawakuwa na cha kuifananisha nayo.
Ningesema mvua ya mawe juu ya paa,
lakini mabati yalikuwa hayajafika.
Paa zilikuwa udongo, mvua ilianguka kimya.
Kwa hiyo wengine walitoka nje
kutazama ni kitu gani.

Moto ukafifia. Hakuna aliyeongeza kuni.

Asubuhi nikaikuta mashine imefunikwa gunia,
mpini umechomolewa, umewekwa juu ya kabati
pamoja na rozari na risiti za mbolea.
Atilio yuko mkekani na Mama,
anapukuchua kwa dole gumba,
mstari, halafu mstari wa pili,
na gumba limeshatoka lengelenge,
gumba la mtu aliyesahau mahindi.
Debe halijafika hata nusu.
Kuku wanaokota zilizoruka.

"Hivi tutamaliza Septemba," nikanung'unika.

Mama hakuinua macho.
"Septemba ni mwezi kama mingine," akasema,
akanisogezea hindi.