Mpangaji Mpya

Zamani mvua ikinyesha Pugu
hatukuwahi hata kuanua nguo:
mto ulishafika Kigogo, mbio,
umebeba sufuria za watu.

Kisha nyumba yangu ikapigwa X nyekundu.
Nikalipwa, nikahama, nikanuna.

Juzi nimepita.
Palipokuwa jiko pameota matete,
sebuleni vyura,
na chumba alichozaliwa Mashavu
kimejaa maji, yametulia tuli
kama mgeni aliyeambiwa kaa kwanza, ule.

Yanakaa siku tatu, nne,
yanatua mzigo wa matope,
ndipo yanateremka Jangwani, mdogo mdogo.
Hata kiangazi, Siwatu ananiambia,
mto haukauki tena: unajikokota.

Mimi maji yalinifukuza mara sita.
Leo nayakuta yamelala kwangu
na sijui niyadai kodi
au niyaamkie.