Ada ya Kusimama

Ijumaa jioni, ukumbi wa nyuma wa maktaba, Middlesbrough.
Mheshimiwa Hilary Garbutt aliingia bila karatasi hata moja.
Miaka kumi na minane kwenye kamati ya nishati:
bajeti ya serikali imepanga chumba kichwani mwake
na hailipi kodi.

Alitueleza bei ya gesi, saa kwa saa,
ruzuku iliyofika, ruzuku iliyopotelea njiani.
Mabilioni aliyatamka kama mtu anayechagua vitunguu sokoni,
hiki kizima, hiki kimeoza, hiki weka pembeni.
Sikumcheka. Anayeijua kazi yake husikilizwa,
hata kama unamsikiliza umevaa koti.

Nilikaa kando ya Bi Kashindi,
namnong'oneza kwa Kiswahili chetu cha kukutana njiani,
changu cha Tanga, chake cha Uvira.
"Megawati" nikaiacha ilivyo.
"Nakisi" nikaiita pengo.
"Pengo la nini?"
"La mfuko."
"Wa nani?"
Nikamwambia asubiri.

Hakusubiri. Alisimama,
akatoa mkobani risiti za mita
alizozifunga kwa mpira wa nywele.
Mita yake ni ndugu wa luku: lipa kwanza, ndipo uone.
Akasema, nami nikatafsiri:
"Mwezi wa nane nilikwenda Leeds kumuuguza dada yangu.
Nilizima kila kitu. Friji niliiacha mdomo wazi.
Wiki tatu. Niliporudi nikaweka pauni ishirini,
na kabla sijagusa swichi, kumi na moja zilikuwa zimeliwa.
Nani alikuwa nyumbani kwangu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mbunge hakucheka.
"Hiyo ni ada ya kusimama," akasema.
"Hukulipia umeme. Ulilipia waya, nguzo, mafundi,
na madeni ya kampuni zilizofilisika."
Nikatafsiri. Ada ya kusimama.
Kashindi akaitazama miguu yake.
"Mimi nasafisha hospitali usiku kucha, nimesimama,
na ada hiyo sijawahi kuiona."

Nalo hilo nikalitafsiri, bila kulipaka sukari.

Mheshimiwa akavua miwani.
Akasema madeni yale yalipoletwa mezani
njia zilikuwa mbili: yabebwe na hazina,
au yagawiwe kila mita nchini,
ya kasri na ya chumba kimoja, sawasawa.
"Hesabu niliipiga mimi. Peni chache kwa siku.
Nikaona ni kidogo. Nikanyosha mkono."

Saa nzima alikuwa amejua mengi.
Hili alilijua kwa namna nyingine;
sauti yake ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa.
Bandu bandu, nikawaza, na gogo ni letu.

Hakuahidi kitu. Aliomba risiti.
Kashindi akampa moja, ya mwezi wa nane,
nyingine akazifunga tena kwa mpira,
kisha akamwambia kwa Kiingereza chake mwenyewe, polepole,
kwamba ile irudishwe.

Nje upepo wa Tees ulikuwa unatuvua mitandio.
Tulitembea hadi taa za barabarani ndipo akauliza:
"Yule mama, alisema kweli?"
"Alisema."
"Na kesho bei?"
"Ile ile."
Akaguna, akaharakisha. Zamu yake inaanza saa nne.