Mhesabu Mikono

Novemba, ukumbi wa michezo wa shule,
harufu ya mpira na soksi za watoto.
Viti mia na arobaini, kahawa kwenye birika la chuma,
na mimi, Köbi Zurflüh, mgawa barua mstaafu,
nimepewa penseli na karatasi: hesabu mikono.

Jambo la kwanza, bomba la majitaka. Likapita.
La pili, paa la kituo cha zimamoto. Likapita kwa manung'uniko.
La tatu lina jina la mtu.

Mihrije Haliti, tafadhali toka nje kidogo.
Akatoka, mkoba ameukumbatia kama mtoto mwenye homa.
Kupitia kioo cha mlango nilimwona ameketi
kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza,
magoti yamemfika kifuani.

Miaka kumi na tisa anafua mashuka ya nyumba ya wazee.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
jembe tulimpa hata kabla hajavua koti.
Leo tunaamua kama anaweza kuliita shamba shamba lake.

Mwenyekiti akasoma taarifa ya kamati.
Kodi: hadaiwi. Polisi: hana doa.
Lugha: anaelewa hata tunapotaka asielewe
(hilo nimeliongeza mimi).
Waliuliza kijito chetu kinaanzia wapi. Alijua.
Waliuliza kwa nini king'ora hulia
Jumatano ya kwanza ya Februari.
"Ni jaribio tu," akajibu, wakaandika: sahihi.

Hawakuandika Februari yake ya kwanza hapa,
nilipopeleka barua ya rejista, mlango uko wazi, nyumba kimya,
nikamkuta chini kwenye chumba cha viazi,
wanawe wawili amewafunika godoro, na yeye juu ya godoro.
Sikuwa na neno hata moja la lugha yake.
Nikaketi juu ya gunia mpaka kelele ikaisha.

Kuna mwenye la kusema?
Ruedi Ambauen akasimama. Wanakata nyasi Jumapili, alisema.
Ni mumewe, akajibu mtu, na ilikuwa mara moja.
Ruedi akasema si nyasi, ni, ni,
mkono wake ukapapasa hewani
kama anayetafuta swichi gizani.
Siku hizi sheria inadai sababu.
Zamani *hapana* ilikuja peku na ikapokelewa.

Wanaokubali.
Nikapita kati ya safu.
Mikono ya wakamuaji, mkono wa mwalimu wenye chaki,
mkono wa mjane Klara uliopanda nusu, ukasita.
Nikasimama pale. Ulipofika begani nikauhesabu.
Sitini na nane.
Wanaokataa. Hamsini na tisa,
mingine imefika usawa wa sikio tu,
mwenyewe akiulizwa atasema alikuwa anajikuna.

Wangu haukuwa upande wowote.
Nilishika penseli huku, karatasi huku.
Mama yangu aliogeshwa na yule mwanamke miaka minne,
akakatwa kucha naye asubuhi ya kufa kwake,
na mimi nilikuwa nimeshika penseli.

Akaitwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi,
hata mikono ile hamsini na tisa, na kwa nguvu zaidi.
Akapita akiwashukuru mmoja mmoja.
Alipomshika Ruedi mkono nilitazama viatu vyangu.
Aliponifikia akauliza kwa sauti ya chini:
"Walikuwa wangapi?"
"Wa kutosha," nikasema.
Akanitazama kidogo kuliko nilivyoogopa,
akasema kesho ana zamu ya saa kumi na mbili asubuhi,
akafunga zipu ya koti.

Mimi nilizaliwa chumba cha juu ya duka la mikate.
Hakuna aliyewahi kuniuliza chochote.
Kijito kinapita chini ya dirisha la jikoni kwangu,
nimekisikia miaka sitini na saba,
na sijui kinaanzia wapi.
Nitamuuliza yeye. Kesho.
Au kesho kutwa, akiwa hana zamu.