Ncha ya Pili

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Sawa.
Lakini nani aliwahi kuniambia
kinyozi afanyeje akiombwa asichopaswa kunyoa?

Duka langu lilikuwa Kibos, mkabala na reli:
mabati, kioo kimoja chenye ufa,
na benchi ambalo Giani Bachint Singh
alilikalia kila Jumanne akisoma gazeti la jana.
Wateja walicheka: Kalasinga kafuata nini kwa kinyozi?
Naye, bila kuinua macho: "Kivuli."

Wote tuliwaita Kalasinga,
fundi wa trekta, mwenye shamba la miwa, mtoto wa juzi,
jina moja kama blanketi la hospitali.
Yeye alikuwa na maelezo marefu zaidi.
Jioni, uani kwa gurudwara, aliwafundisha watoto
herufi zinazoning'inia chini ya mstari
kama nguo kwenye kamba,
na kwa nini bangili ni ya chuma, si ya dhahabu,
na kwa nini anayepakua hamuulizi mlaji ukoo wake.
Nilisikia yote. Kati yetu palikuwa na ua wa michongoma,
na maneno hayachomwi na miiba.

Mwaka wa mafuriko, mjukuu wake Jaskaran
aliingia nikiwa nafunga. Miaka kumi na mitatu.
Shuleni walimvua kitambaa cha kichwa
wakakirusha juu ya paa la choo.
Akaweka shilingi kumi mezani. "Zote," akasema.

Msidhani sikujua.
Hata mkasi ulijua, ulishikwa na kigugumizi
katika ule msuko mzito unaonukia mafuta ya haradali.
Ulipoanguka
haukutoa sauti niliyoitegemea.

Asubuhi nikaufunga katika gazeti lake mwenyewe
nikampelekea, magoti yakinicheza.
Wazee wenzake walikwisha kufika, wamefura.
Mmoja akatumia methali yetu:
mwacha asili ni mtumwa.
Giani akafungua gazeti, akalifunga tena.
"Nywele hizi si asili," akasema. "Ni ahadi.
Na ahadi ni deni. Ila deni hili
nililikopa mimi, kwa jina la mtoto."
Kisha akanigeukia: "Umeshakula?"

Nikakaa sakafuni, leso kichwani, dengu na chapati,
kati ya mwenye trekta na mchoma makaa.
Jaskaran mbele yangu, shingo yake imepauka
pale ambapo jua halikuwahi kufika.
Hakuna aliyemwambia neno. Aliongezwa mara mbili.

Sitasema nywele zilirudi kwa sababu ya hekima.
Nywele hurudi tu, ndiyo kazi yake, ndiyo inayonilisha.
Bali miaka minne baadaye, Jumanne, benchi tupu,
Giani kalazwa Kisumu, mapafu,
kijana akasimama mlangoni
na mita tano za kitambaa, buluu iliyoiva.
"Babu ndiye hunishikia ncha ya pili," akasema.
"Peke yangu hakikunjiki."

Nikaweka mkasi chini. Nikafuta mikono, mara mbili.
Nikashika.
Akarudi nyuma polepole, akavuka kizingiti, akavuka mtaro,
mpaka nguo ikakaza kati yetu kama uzi wa mwashi,
mabehewa ya miwa yakipita nyuma yake.

"Vuta," akasema. "Hakichaniki. Vuta."